Jedwali Langu Limechapishwa kwa Jina la Msimamizi Wangu: Niende kwa Nani?

Mwalimu mpendwa,

Pokea salamu kutoka Kisumu. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili, mama wa watoto watatu, na kwa miaka minne na nusu sasa nimekuwa mtahiniwa wa shahada ya uzamifu katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa magharibi mwa Kenya, ambacho naomba nisikitaje. Utafiti wangu unahusu jinsi gugumaji linavyoathiri kipato cha wanawake wanaochuuza omena na samaki wengine katika fuo za Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Kwa takriban miaka miwili, kila Jumamosi alfajiri nilikuwa Dunga, Usoma au Kendu Bay wakati mashua zinapoingia, nikiwahoji akina mama walioketi kando ya nyavu wakisubiri mzigo. Nilikusanya hojaji 186 na mahojiano marefu 24, yote kwa mkono wangu, kwa nauli yangu, na kwa mkopo wa Sacco ambao hadi leo unakatwa kwenye mshahara wangu kila mwisho wa mwezi.

Nina wasimamizi wawili. Wa kwanza ni profesa mwenye jina kubwa, naye anataka sura yangu ya nne iwe ya takwimu tupu. Wa pili ni daktari kijana zaidi, naye anasisitiza kwamba maneno ya akina mama wale ndiyo tasnifu yenyewe. Nimeiandika sura hiyo upya mara tatu. Nikimridhisha huyu, yule anaikataa, na tangu nilipotetea pendekezo la utafiti hawajawahi kuketi nami pamoja hata siku moja. Toleo la mwisho nilimtumia profesa miezi minane iliyopita. Nikimwandikia hajibu, nikienda ofisini naambiwa yuko mkutanoni, na siku nilipomkuta kwenye ngazi aliniambia, "Mama, uzamifu si mbio za mita mia," akaendelea kushuka. Muhula baada ya muhula ninalipa karo ili nisimamiwe na mtu ambaye hanisomi.

Mwezi uliopita mtahiniwa mwenzangu alinitumia makala ambayo profesa ameichapisha katika jarida moja la kitaaluma pamoja na mtu nisiyemjua. Niliifungua kwenye simu nikiwa katika chumba cha walimu. Jedwali la tatu lilikuwa langu. Nililitambua kwa kosa langu mwenyewe: katika rasimu niliyomtumia Machi mwaka jana, kwenye mstari wa Usoma, niliandika 17 mahali palipostahili kuwa 71, nikaja kuligundua baadaye na kulisahihisha katika toleo lililofuata. Makala hiyo ina 17. Jina langu halimo miongoni mwa waandishi, wala halimo katika shukrani.

Nimenyamaza hadi leo. Wenzangu wananiambia nivumilie, kwa kuwa profesa ndiye atakayetia sahihi tasnifu kabla haijawasilishwa, na mwenyekiti wa idara ni rafiki yake wa tangu zamani. Mume wangu anashauri tumwone mheshimiwa mmoja anayefahamiana na wakubwa wa chuo. Kuna jambo la tatu ambalo sijaweza kuliandika hapa, unisamehe kwa hilo. Saa tisa usiku niko macho nikihesabu miezi. Muhula mpya unakaribia na karo inadaiwa. Je, niende kwa nani? Na karo hiyo niilipe, au niachie hapo nilipofika?

Mwalimu wa Kisumu

*

Mwalimu mwenzangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu niliona kwamba umefunga mashauri manne katika kitita kimoja: sura iliyokaliwa miezi minane, wasimamizi wasiokubaliana, jedwali lililochapishwa bila jina lako, na lile ambalo hukuliandika. Nimeketi katika kamati za masomo ya uzamili kwa miaka mingi, nami nimeona jinsi vitita vya namna hii vinavyopokelewa. Mtahiniwa huingia na machungu yake yote kwa pamoja, kamati huchagua lile dogo lililo rahisi kujibiwa, hulijibu, kisha huandika kwamba malalamiko yameshughulikiwa. Kwa hiyo nakuomba ukifungue kitita hicho leo, kwa kuwa kila shauri lina mlango wake, na mengine yana milango ambayo hata mwenyekiti wa idara hana ufunguo wake.

Kabla ya mlango wowote, hifadhi ushahidi. Itafute barua pepe ya Machi mwaka jana iliyobeba ile rasimu yenye 17, usiifute wala usiihamishe, na uichapishe pamoja na sehemu ya juu inayoonyesha tarehe na anwani. Ichapishe pia barua pepe iliyobeba toleo lenye 71. Weka makala iliyochapishwa kando yake. Toa kabatini hojaji zako za Usoma, zile za karatasi, hata kama zimeingia maji ya ziwa na magamba ya omena yamekauka juu yake, na uzipange kwa tarehe. Weka hapo kibali chako cha utafiti kutoka NACOSTI, yaani Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013. Kibali hicho kimetolewa kwa jina lako, kinataja mada yako na mahali pako pa utafiti, na haki zake hazihamishiki kwa mtu mwingine. Ongeza barua ya kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinisha hojaji zako, pamoja na fomu za ridhaa ambazo akina mama wale walitia sahihi au kidole. Nakala moja ya vyote hivi isikae nyumbani kwako wala kwenye kompyuta unayoitumia kila siku.

Kosa lako la 17 ndilo shahidi wako bora kuliko wote. Watu wawili wanaweza kwenda ufuo mmoja wakapata takwimu zinazokaribiana, lakini hawawezi kupata kosa moja la kuandika mahali pamoja. Usilionee haya, na wala usimweleze mtu yeyote habari zake mpaka siku utakapoliweka mezani kwa maandishi.

Sasa tuanze na sura iliyokaliwa, kwa kuwa hilo ndilo jepesi kulithibitisha na halimvunjii mtu heshima. Nenda katika Shule ya Masomo ya Uzamili ya chuo chako, au kurugenzi au bodi kama chuo chako kinatumia jina hilo, na umwombe karani kanuni za masomo ya uzamili. Nimesema karani kwa makusudi, kwa sababu katika vyuo vyetu karani wa ofisi hiyo ndiye anayejua faili gani imelala wapi, fomu gani hujazwa kabla ya ipi, na kamati itaketi lini. Mara nyingi maswali matano kwake yanakuokoa safari tano kwa wakubwa. Ndani ya kanuni hizo tafuta mambo mawili: muda ambao msimamizi amepewa kurudisha kazi iliyosomwa, na ripoti za maendeleo ambazo wewe na wasimamizi mnatakiwa kujaza kwa vipindi. Jiulize kama ripoti zako zilijazwa. Kama hazikujazwa, usifiche upungufu huo. Utaje mwenyewe katika barua yako kabla haujatajwa na mwingine.

Kisha mwandikie profesa barua fupi ya adabu, kwa barua pepe, na nakala kwa msimamizi wa pili. Isiwe na lawama hata neno moja. Unaweza kuandika hivi: "Profesa, nilikutumia toleo la tatu la sura ya nne tarehe fulani. Naomba maoni yako ya maandishi kufikia tarehe fulani, ili niweze kujaza ripoti yangu ya maendeleo. Niko tayari kuja ofisini siku yoyote utakayonipangia baada ya saa kumi jioni." Mpe siku 14. Zikipita kimya, barua ya pili iende kwa mwenyekiti wa idara kupitia masijala, na nakala kwa mkuu wa kitivo na mkurugenzi wa masomo ya uzamili. Chukua nakala yako na umwombe karani aigonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Akikuambia haina haja, simama hapo hapo kwa upole mpaka aigonge, maana malalamiko yasiyo na muhuri huwa hayakupata kufika.

Najua umeniambia kwamba mwenyekiti ni rafiki wa profesa. Mwandikie hata hivyo. Ukimruka, barua yako itarudishwa kwake ikiwa imeandikwa pembeni kwamba aishughulikie, naye ataipokea akiwa amekasirika. Nakala mbili zilizokwenda juu yake ndizo kinga yako: mtu anayejua kwamba mkubwa wake ana karatasi ile ile mezani hulijibu jambo kwa namna nyingine.

Katika barua hiyo omba kitu kimoja kinachoweza kutekelezwa. Barua nyingi za watahiniwa nilizozisoma zilikuwa na kurasa sita za maumivu na hazikuwa na ombi hata moja, nasi tukawa tunatazamana mezani tusijue mwandishi anataka nini. Wewe omba mkutano wa pamoja wa wasimamizi wote wawili, ukiongozwa na mwenyekiti au mtu atakayemteua, ili sura ya nne iamuliwe mwelekeo wake, na kumbukumbu za mkutano huo ziandikwe na kutiwa sahihi na wote. Hapo utakuwa umeligusa shauri la pili bila kulifanya ugomvi. Viwango na miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2014 vinataka mtahiniwa wa uzamifu awe na wasimamizi wasiopungua 2, na maana ya kuwa na wawili ni kwamba waongoze kazi moja. Anayetakiwa kuwapatanisha ni idara. Wewe usiyabebe maoni ya huyu kwa yule kama mtoto wa wazazi walioachana.

Uende kwenye mkutano huo na karatasi moja tu yenye safu tatu: alichosema wa kwanza kuhusu kila sehemu ya sura, alichosema wa pili, na ulichofanya wewe. Ikae mezani mbele yao. Mara nyingi wasimamizi hawajui kabisa kwamba wamekuwa wakipingana, kwa sababu kila mmoja huiona sura baada ya mwenzake kuigeuza. Na kama wataniruhusu kusema maoni yangu kuhusu kazi ambayo sijaisoma, tasnifu yenye hojaji 186 na mahojiano marefu 24 ina nafasi ya wote wawili: takwimu zieleze kipato kilipungua kwa kiasi gani gugumaji lilipoziba ufuo, na maneno ya akina mama yaeleze walikula nini wiki hizo. Huenda wakahitaji tu mtu wa tatu wa kuwaambia hivyo. Omba pia, kama mkutano hautafua dafu, kwamba bodi ya masomo ya uzamili imteue msimamizi wa tatu. Kubadilisha msimamizi kabisa ni haki inayotajwa katika kanuni za vyuo vingi, lakini katika mwaka wa tano ni dawa kali: msimamizi mpya huja na maswali mapya, na sura zilizokwisha kukubaliwa huweza kufunguliwa tena. Ukilazimika, tafuta kwanza kimyakimya mtu aliye tayari kukupokea na ujuzi wake unaohusu mada yako, ndipo ujaze fomu.

Nije kwa jedwali, na hapa naomba univumilie nikiandika kwa urefu, kwa sababu jambo hili limewaumiza wengi na wengi wamelipeleka mahali pasipostahili.

Uandishi wa makala za kisayansi una masharti yanayojulikana. Wahariri wa majarida ya tiba waliyaweka manne, na taaluma nyingine nyingi zimeyafuata: mtu awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika kuibuni kazi au kukusanya na kuchanganua data, awe ameshiriki kuiandika au kuihakiki kwa kina, awe ameliidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa yaliyomo. Kusimamia tasnifu pekee hakumpi mtu haki ya kuandika juu ya data ya mwanafunzi bila mwanafunzi. Upande wako nao haukamiliki wenyewe, kwa kuwa hukupewa nafasi ya kuandika wala kuidhinisha, lakini hilo halikupunguzii haki, maana mtu hawezi kukunyima nafasi ya kutimiza sharti kisha akasema hukulitimiza.

Lipo pia suala la akina mama wale wa Usoma. Walitia kidole kwenye fomu yenye jina lako na mada yako. Data yao kutumika katika makala ya watu wengine, mmoja wao akiwa hata hakutajwa kwenye kibali, ni jambo la maadili ya utafiti, na kamati iliyoidhinisha utafiti wako ina wajibu wa kulisikiliza. Watahiniwa wengi husahau mlango huu, ilhali ni mlango mzuri, kwa sababu kamati hiyo haiko chini ya idara yako.

Hakimiliki nayo itakusaidia kwa kiasi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda namna ulivyoliandika na kulipanga jambo, yaani maandishi yako na jedwali kama ulivyolitunga, lakini haimpi mtu umiliki wa ukweli wenyewe. Kwa hiyo usiingie kwa kudai kwamba takwimu za Usoma ni mali yako; ingia kwa kuonyesha kwamba kazi yako imetumika bila idhini na bila kutajwa.

Mpangilio wangu ni huu. Barua ya jedwali iwe peke yake, isichanganywe na ile ya sura ya nne, na iende baada ya mkutano wa wasimamizi kufanyika au kukataliwa, lakini isichelewe zaidi ya miezi mitatu. Anza kwa kumwandikia profesa mwenyewe, kwa swali badala ya shtaka: umeona makala, umeona kwamba jedwali la tatu linalingana na lako la Machi, unaomba akueleze lilivyofika pale na anapendekeza lirekebishwe vipi. Usitumie neno wizi popote, wala kwa mdomo wala kwa maandishi, wala katika kikundi cha WhatsApp cha watahiniwa. Neno hilo linaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa wa kuchafua jina. Nimewahi kuona profesa akijibu barua ya namna hiyo kwa kukiri kwamba alidhani mwanafunzi ameacha masomo. Lilikuwa jibu la aibu, lakini lilifungua njia ya kurekebisha. Asipojibu, au akijibu kwa vitisho, peleka barua na ushahidi kwa naibu wa makamu mkuu anayesimamia utafiti, na nakala kwa kamati ya maadili.

Mhariri wa jarida mwachie mwisho. Miongozo ambayo majarida hufuata, ikiwamo ile ya kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji inayojulikana kama COPE, huwaelekeza wahariri wasiamue wenyewe migogoro ya uandishi bali waipeleke kwa chuo kinachohusika kichunguze. Ukimwandikia kabla chuo hakijaanza, atakurudisha ulikotoka. Ukimwandikia ukiwa na nambari ya kumbukumbu ya uchunguzi, atalisoma jambo kwa uzito.

Na unaomba nini? Fikiri vizuri kabla ya kuandika kwamba makala ifutwe. Vyuo vingi nchini humtaka mtahiniwa wa uzamifu awe amechapisha makala 2 kabla ya kuhitimu. Jarida likichapisha masahihisho yanayokuweka miongoni mwa waandishi katika nafasi unayostahili, na kubadilisha ile 17 kuwa 71, huenda ukawa umepata makala moja kati ya hizo. Makala ikifutwa, haki itakuwa imetendeka lakini utabaki mikono mitupu, na kuichapisha upya data ile ile kutakuwa kugumu zaidi. Mimi ningeomba masahihisho. Uamuzi ni wako.

Kuhusu lile ambalo hukuliandika, sitalikisia, wala sitakudai maelezo. Nitasema tu kwa ajili yako na ya yeyote anayesoma hapa akiwa na jambo linalofanana: kama ni suala la mtu mwenye mamlaka juu yako kukutaka kimapenzi, hilo halipitii kwa mwenyekiti wa idara wala halisubiri siku 14 za mtu. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 kinamhusu mwenye mamlaka au cheo cha umma anayeendelea kumsumbua mtu kwa namna hiyo akijua hatakiwi, na adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 3 au faini ya shilingi 100,000, au vyote viwili. Vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia, na nambari 1195 hupigwa bila malipo, usiku na mchana. Unaweza kupiga ili kuuliza tu, kabla hujaamua lolote. Kama ni jambo jingine kabisa, niandikie ukiwa tayari.

Umeuliza uende kwa nani, na iko pia milango ya nje ya chuo. Siku utakapokwenda kugongesha muhuri, tazama ukutani karibu na mlango wa ofisi. Utaona ubao wa mkataba wa utoaji huduma, wenye safu za huduma, masharti, gharama na muda, na chini yake maneno "Huduma Bora ni Haki Yako". Watu huupita kila siku bila kuusoma. Mistari ya mwisho ya ubao huo hueleza kwamba usiporidhika upeleke malalamiko kwa mkuu wa taasisi au kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kwa jina la Ombudsman. Tume hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, kaulimbiu yake ni "Hata Mnyonge ana Haki", haitozi ada, na ina ofisi hapo hapo Kisumu, kwa hiyo huhitaji kupanda basi la usiku kwenda Nairobi. Ucheleweshaji usio na sababu na barua zisizojibiwa katika taasisi ya umma ndiyo kazi yake hasa. Itakuuliza kwanza ulifanya nini ndani ya chuo, na hapo ndipo nakala zako zenye muhuri zitakapokusemea. Kama chuo kitakataa kukupa kumbukumbu za mikutano au ripoti zako mwenyewe, Sheria ya Upataji wa Habari ya mwaka 2016 inakupa haki ya kuziomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kuamua ombi lako ndani ya siku 21.

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu husimamia viwango vya vyuo. Haitamchagulia mtahiniwa msimamizi, ingawa chuo kinachokiuka viwango vyake mara kwa mara hakipendi kutajwa mbele yake. Mahakama iko mbali zaidi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakuhakikishia hatua za kiutawala zilizo za haraka na za haki, lakini sheria ya mwaka 2015 iliyotokana na kifungu hicho inataka njia za ndani zimalizwe kwanza, isipokuwa katika hali za kipekee. Hujafika huko.

Kwa mheshimiwa msiende. Nasema hivi nikiheshimu nia njema ya mume wako, maana anakuona unavyoteseka naye anatafuta mlango anaoujua. Simu ya mkubwa huweza kuitoa sura yako kwenye droo kwa wiki moja, lakini siku ya kutetea tasnifu kutakuwa na mtu chumbani anayekumbuka kwamba uliletwa kwa simu. Mwambie afanye lingine ambalo litakufaa zaidi: Jumamosi mbili awachukue watoto, nawe uketi na faili zako.

Usingizi wako nao usiupuuze. Ofisi ya mkuu wa wanafunzi katika vyuo vya umma huwa na mshauri nasaha, na mtahiniwa wa uzamifu mwenye watoto watatu ana haki kwa ofisi hiyo sawa na kijana wa mwaka wa kwanza. Watahiniwa wengi wazima huona aibu kupiga foleni pamoja na vijana, ninakusihi usione. Ukipenda mahali ambapo hapana mtu wa chuo, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu za wenye msongo kwa nambari 1199 bila malipo. Na mwombe yule mwenzako aliyekutumia makala awe shahidi wako wa kimya: mkutane mara moja kwa wiki, msomeane kurasa mbili, aone barua zako kabla hazijatoka. Kuna wengine ambao wangekuwa na chama cha wafanyakazi nyuma yao, kama wale wakufunzi wasaidizi walioajiriwa na chuo kile kile wanakosomea na walio wanachama wa UASU; wewe huna hicho, kwa hiyo rafiki huyo ni wa thamani kubwa.

Sasa karo. Ilipe, kama Sacco na mshahara vinaruhusu, hata kwa awamu. Mtahiniwa asiyesajiliwa huulizwa kwanza yeye ni nani, na malalamiko yake huwekwa kando mpaka alipe. Ikiwa huwezi, usinyamaze tu ukapotea: jaza fomu ya kuahirisha masomo kabla ya tarehe ya mwisho ya usajili, ili muda huo usihesabiwe kwenye miaka uliyopewa, na ujue kwamba wakati umeahirisha, msimamizi hawajibiki kukusomea. Kwa sababu hiyo mimi ningelipa. Kisha katika barua yako kwa mwenyekiti ongeza ombi la pili, aya moja tu mwishoni: kwamba miezi minane ambayo sura yako haikusomwa iongezwe kwenye muda wako wa kumaliza, na karo ya kipindi hicho ihamishiwe kwenye muhula ujao. Wanaweza kukataa la karo. La muda nimeliona likikubaliwa mara nyingi, pale mtahiniwa alipokuwa na tarehe zake. Ambatisha risiti zote.